Kirusi Kikitoka Kwenye Seli Bado Hakijakomaa: VVU Vinavyojiunga, na Mahali Sindano ya Miezi Sita Inapovikamata

Tangu Marekani ilipoidhinisha sindano ya lenacapavir ya kujikinga na VVU mwezi Juni 2025, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza mwezi uliofuata katika mkutano wa kimataifa uliofanyika Kigali, mkanganyiko umekuwa mkubwa. Wapo wanaoiita chanjo. Wapo waliosikia kwamba UKIMWI sasa umepata tiba. Na wapo, hasa kwenye makundi ya WhatsApp, wanaosambaza habari kwamba wanasayansi wameweza kuunda ganda la VVU ndani ya neli ya maabara, kisha wanaulizana: kama wanaweza kuliunda, si ndio hao hao waliovileta?

Maswali hayo yanaonekana kuwa matatu, lakini yote hujibika vizuri zaidi mtu akielewa jambo moja ambalo halielezwi mara nyingi. Tumefundishwa sana jinsi VVU vinavyoingia mwilini; hatukufundishwa vinavyotoka kwenye seli. Kirusi kinachochomoka kwenye seli iliyoambukizwa hakijawa tayari kuambukiza seli nyingine. Lazima kwanza kikatwekatwe na kupangwa upya ndani kwa ndani, na baadhi ya dawa muhimu kuliko zote tulizonazo zilitokana na watafiti kukaa miaka mingi maabarani wakichunguza hatua hiyo.

Tuanze na vitu vyenyewe. Kirusi si seli: hakili, hakipumui, hakikui wala hakigawanyiki. Ni jeni chache zilizofungwa ndani ya ganda la protini, na kwa baadhi ya virusi, VVU vikiwamo, ganda hilo limefunikwa tena na utando wa mafuta. Ganda la protini huitwa kapsidi. Protini ni mnyororo wa asidi amino uliojikunja kwa umbo maalumu, na kimeng'enya ni protini yenye kazi ya kikemia, kama vile kukata au kuunga. Kirusi kimoja cha VVU kina kipenyo cha nanomita 100 hadi 150 hivi, maana yake ni kwamba ukivipanga 8,000 kwa mstari ndipo utapata takriban milimita moja. Hakuna hadubini ya kawaida ya shuleni inayoweza kukionyesha.

Seli ikishaambukizwa, hujikuta ikisoma jeni za kirusi na kutengeneza protini zake kana kwamba ni zake yenyewe. Protini kuu katika ujenzi huo inaitwa Gag. Ni mnyororo mmoja wa asidi amino takriban 500, lakini ndani yake mna vipande kadhaa ambavyo kila kimoja kina kazi yake: matriksi, inayoshika utando wa seli, kapsidi, protini itakayokuja kujenga ganda la jina hilo hilo, nyukliokapsidi, inayoshika RNA, yaani jeni za kirusi, na mwishoni kipande kiitwacho p6. Kati ya kapsidi na nyukliokapsidi kuna kipande kifupi cha asidi amino 14 tu, kinachojulikana kama SP1. Msomaji asikipuuze kwa ufupi wake.

Gag zinapotengenezwa huenda kujibandika upande wa ndani wa utando wa seli. Kichwa cha kila moja hushika utando na mkia wake huelekea ndani, kisha husogeleana na kushikana ubavu kwa ubavu katika vikundi vya sita sita. Kadiri zinavyoongezeka, utando hutuna kwenda nje, na katika dakika chache huwa umebeba Gag kama 2,400 hivi pamoja na nakala mbili za RNA. Hapo p6 huita mashine za seli yenyewe, zile ambazo seli huzitumia kumalizia kujigawanya na kushughulikia taka zake, na mashine hizo hubana shingo ya uvimbe ule mpaka unakatika. Kwamba kirusi huazima mkasi wa mwenye nyumba kulithibitika mwaka 2001, maabara ya Chuo Kikuu cha Utah ilipoonyesha kwamba seli ikinyimwa protini yake iitwayo TSG101, virusi hubaki vimening'inia kwenye utando bila kuachiwa.

Wengi hushangaa wakisikia kwamba kazi yote hiyo haina msimamizi. Hakuna kiungo ndani ya kirusi kinachoamua Gag ipi ikae wapi. Zinagongana ovyo, zinashikana kwa nguvu ndogo, zilizokaa vibaya zinaachana, zilizokaa vizuri zinabaki. Udhaifu wa mshikano wenyewe ndio siri ya usahihi wake, kwa sababu kipande kinachoshika kwa nguvu tangu mwanzo hakipati nafasi ya kurekebishwa kikikosea. Jambo hilo si la VVU peke yake. Mwaka 1955, huko Berkeley, California, Heinz Fraenkel-Conrat na Robley Williams walikitenganisha kirusi kinachoshambulia tumbaku kikawa protini upande mmoja na RNA upande mwingine, kisha wakavichanganya tena katika maji yenye kiwango sahihi cha chumvi na asidi. Vipande vikajipanga vyenyewe, na kirusi kikarudi kuwa na uwezo wa kuambukiza majani ya tumbaku.

Kirusi cha VVU kilichokatika kutoka kwenye seli kina kila kitu: utando, jeni, vimeng'enya, protini za kushikia seli nyingine. Hata hivyo, hakiambukizi. Chini ya hadubini ya elektroni kinaonekana kama duara lenye tabaka nene jeusi kwa ndani, ambalo ni zile Gag zilizobaki nzima, bado zimeng'ang'ania utando. Hicho ndicho watafiti hukiita kirusi kichanga. Ili kikomae, lazima kila Gag ikatwe katika vipande vyake, na mkataji ni kimeng'enya cha kirusi chenyewe kiitwacho proteasi.

Mtu angeuliza kwa haki kabisa: kama mkataji yupo tangu mwanzo, kwa nini asizikate Gag zikiwa bado ndani ya seli, ujenzi ukaharibika kabla haujaanza? Jibu limo katika namna proteasi inavyotengenezwa. Mashine ya seli inaposoma maelekezo ya Gag, takriban mara moja katika kila mara 20 huteleza kidogo mahali fulani, na badala ya kuishia kwenye Gag huendelea mbele na kutoa mnyororo mrefu zaidi, ambao ndani yake mna nusu ya proteasi. Nusu hiyo ina asidi amino 99 na peke yake ni butu. Makali hupatikana nusu mbili zinapokutana na kushikana. Ndani ya seli pana nafasi kubwa na minyororo mirefu ni michache, kwa hiyo ni nadra kukutana; ndani ya kirusi kinachofungwa, ambako vyote vimebanwa mahali pamoja, kukutana hakuepukiki. Kwa hiyo msongamano wenyewe ndio saa ya kirusi. Binafsi sijaona katika biolojia mpango mwingine uliopangika hivi bila mpangaji.

Ukataji nao una utaratibu. Mahali pa kwanza kukatwa ni kati ya SP1 na nyukliokapsidi, jambo linaloiachia RNA ijikusanye katikati. Kisha hukatwa palipo kati ya matriksi na kapsidi, na mwisho kabisa kati ya kapsidi na kile kipande kidogo cha SP1, ambapo kukatika huenda polepole takriban mara 400 kuliko pa kwanza. Huo mkato wa mwisho ndio unaobomoa mpangilio wa zamani. SP1 za Gag sita zilizo jirani huwa zimesimama pamoja na kuzishikilia. Mshikizo huo ukiondoka, kapsidi zinaachana na kuwa huru ndani ya kirusi.

Zikishakuwa huru hujijenga upya, safari hii kuizunguka RNA, katika umbo la pia ya kuchezea watoto, yaani nene upande mmoja na jembamba upande wa pili. Hapa inafaa kuutazama mpira wa miguu wa mtindo wa zamani, ule wa vipande vyeusi na vyeupe. Vipande vyeupe vina pembe sita, na ukiunganisha vya pembe sita pekee utapata kitu bapa kisichofunga kamwe, hata ukishona mwaka mzima. Vipande vyeusi, vyenye pembe tano, ndivyo vinavyolazimisha ngozi ikunjike, na idadi yake ni 12. Ganda lolote la namna hiyo, likitaka kufunga bila kuacha tundu, linahitaji vipande 12 vya pembe tano, hata vile vya pembe sita viwe vingi kiasi gani. Kapsidi ya VVU ina vikundi karibu 250 vya sita sita na 12 vya tano tano: saba vimekaa upande mnene, vitano upande mwembamba, na tofauti hiyo ndiyo inayofanya umbo liwe pia badala ya duara. Kirusi kichanga hakina vikundi hivyo vya tano, ndiyo maana tabaka lake la Gag huwa na mapengo makubwa. Kapsidi zinazotumika katika ganda jipya hazifiki 1,600. Nyingine hubaki zikielea bila kazi.

Ushahidi kwamba hatua hii ni ya lazima ulipatikana mwaka 1988, watafiti walipobadilisha jeni ya proteasi kidogo tu ili isifanye kazi. Seli ziliendelea kutoa virusi kama kawaida, ila virusi hivyo vilibaki vichanga na havikuweza kuambukiza.

Sasa tuingie maabarani, kwa kuwa hapo ndipo penye uvumi. Watafiti wanaochunguza ujenzi wa VVU kwa kawaida hawaanzi na VVU. Huchukua jeni ya protini moja, huiingiza katika bakteria wa kawaida wa maabara, bakteria huzalisha protini hiyo kwa wingi, nayo husafishwa mpaka ibaki peke yake katika maji ya chumvi. Ndani ya neli hiyo hakuna jeni za kirusi, hakuna utando, hakuna proteasi. Mwaka 1999 kundi la Utah lilionyesha kwamba kipande cha kapsidi kilichounganishwa na nyukliokapsidi, kikipewa RNA, hujijenga chenyewe katika umbo la pia linalofanana na la kirusi halisi. Hilo ndilo "ganda la VVU lililoundwa maabara." Ni ganda tupu, ukilimwaga mezani haliwezi kumwambukiza mtu.

Kwa miaka mingi, lakini, magamba hayo ya maabara yalikuwa na kasoro: mengi yalitoka yakiwa mirija mirefu badala ya pia, na yalihitaji chumvi nyingi kupita kiasi kinachopatikana katika seli. Kulikuwa na kiungo kinachokosekana. Mwaka 2018 watafiti, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Cornell, walikitambua kuwa ni kemikali ndogo ifahamikayo kwa kifupi kama IP6. Seli zetu zote huwa nayo, na mbegu za mimea kama maharage na mahindi huihifadhi kwa wingi. Ina chaji hasi nyingi, kwa hiyo hukaa katikati ya kikundi cha protini sita ambazo chaji zao chanya zingefukuzana, ikazituliza. Husaidia mara mbili: kwanza huishikilia Gag changa karibu na SP1, kisha, mkato wa mwisho ukishafanyika, huenda kukaa katikati ya vikundi vya kapsidi mpya. Walipoitia kwenye neli, magamba ya umbo la pia yakajengeka vizuri bila kuhitaji ile chumvi nyingi. (Kabla swali halijaja: kula maharage hakuvisaidii VVU, na kuyaacha hakumkingi mtu. Seli hujitengenezea IP6 yake yenyewe.)

Kuna pia kazi inayofanywa kwa seli za binadamu zinazokuzwa kwenye visahani. Seli hizo zikipewa jeni ya Gag peke yake, hutoa chembe zenye utando na umbo la kirusi kichanga, lakini ndani hamna jeni za kuzaliana. Kazi inayohitaji VVU kamili ipo, nayo hufanyika katika maabara zenye ulinzi mkali na watumishi waliofunzwa. Picha zenyewe hupatikana kwa kugandisha sampuli ghafla kiasi kwamba maji yanakuwa kama kioo bila kufanya chembe za barafu, kisha kuipiga picha kwa elektroni kutoka pembe nyingi. Mbinu hiyo ndiyo iliyowapa Jacques Dubochet, Joachim Frank na Richard Henderson Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2017. Mwaka 2013 picha za namna hiyo ziliunganishwa na hesabu za kompyuta kubwa ya Chuo Kikuu cha Illinois, ukapatikana mfano wa kapsidi nzima ya VVU, atomu kwa atomu, jumla ya atomu zipatazo milioni 64 pamoja na za maji yaliyoizunguka.

Na dai kwamba VVU vilitoka maabara? Tarehe zinalikataa. Sampuli ya damu yenye VVU iliyochukuliwa Kinshasa, wakati huo ikiitwa Léopoldville, ni ya mwaka 1959. Mwaka huo ulimwengu ulikuwa umeweza tu kukirudishia umbo kile kirusi cha tumbaku, tena kwa vipande vyake vyenyewe. Uhandisi wa jeni ulianza miaka ya 1970. Jeni za VVU vilivyoenea duniani zinafanana zaidi na za kirusi cha sokwe wa kusini-mashariki mwa Kamerun, na ukilinganisha tofauti zilizojilimbikiza katika sampuli za zamani, unarudishwa hadi miongo ya mwanzo ya karne ya 20.

Ujuzi wa magamba tupu umeshatufikia nyumbani kwa njia nyingine, ingawa wachache wanaujua kwa sura hiyo. Chanjo ya HPV, inayokinga saratani ya mlango wa kizazi, iliyoanza kutolewa kitaifa Rwanda mwaka 2011, Tanzania 2018 na Kenya 2019, ni magamba yaliyojijenga yenyewe kutokana na protini moja. Mengine huzalishwa na hamira. Hayana jeni za kirusi, kwa hiyo binti aliyechanjwa hawezi kupata HPV kutokana na chanjo hiyo, licha ya madai ya baadhi ya watu.

Turudi kwenye dawa. Watafiti walipojua kwamba bila proteasi kirusi hakikomai, walitafuta kemikali ya kuziba mdomo wa kimeng'enya hicho, na ya kwanza, saquinavir, iliidhinishwa Marekani Desemba 1995. Atazanavir, lopinavir na darunavir, ambazo baadhi ya wagonjwa katika kliniki zetu wamewahi kupewa kama dawa za safu ya pili, ni za ukoo huo. Mgonjwa anayezitumia huweza kujiuliza: ikiwa seli zinaendelea kutoa virusi vichanga, kwa nini kipimo kinasema virusi havionekani? Ni kwa sababu virusi vichanga haviambukizi seli mpya, seli zinazovitoa hufa katika siku chache, na vilivyomo kwenye damu huondolewa kwa saa chache tu. Bomba likizibwa, tangi hukauka. Hata hivyo zipo seli chache ambazo jeni za kirusi zimelala ndani yake bila kutoa chochote, na hizo haziguswi na dawa yoyote ya ukataji wala ya ganda. Ndiyo sababu mgonjwa akiacha ARV virusi hurudi, na ndiyo sababu lenacapavir si tiba.

Lenacapavir hailengi mkataji bali ganda lenyewe. Hujipenyeza kwenye kishimo kilicho kati ya kapsidi mbili jirani na kuzigandamanisha. Inamkuta kirusi mara mbili. Mwanzoni, kirusi kinapoingia kwenye seli, ganda linatakiwa kusafiri hadi kwenye kiini na kupita katika vitundu vyake likiwa karibu zima; dawa hulifanya gumu kupita kiasi na huziba mahali ambapo protini za seli zingelishika na kulivusha. Mwishoni, kapsidi mpya zinapojijenga, dawa huzifanya zishikane kwa haraka na kwa pembe zisizofaa, na magamba yanatoka yakiwa mabovu. Kwa anayejikinga, kazi kubwa ni ile ya kwanza: kirusi hukwama kabla jeni zake hazijaunganishwa na za seli.

Katika jaribio lililofanyika Afrika Kusini na Uganda kwa wasichana na wanawake wa miaka 16 hadi 25, hakuna hata mmoja kati ya 2,134 waliopewa sindano hiyo aliyeambukizwa, ilhali kati ya 1,068 waliopewa vidonge vya kila siku vinavyotumika siku nyingi waliambukizwa 16. Matokeo hayo ni makubwa, lakini hayaifanyi kuwa chanjo. Chanjo huufundisha mwili kinga yake, na mwili hukumbuka. Lenacapavir haifundishi chochote: ikiisha mwilini, ulinzi umeisha. Hudumu miezi sita kwa sababu huwekwa chini ya ngozi ya tumbo ikayeyuka pole pole, na kwa sababu kiasi kidogo mno kinatosha kuvuruga ganda.

Mwendo huo wa pole pole ndio unaoeleza mambo mawili ambayo watu huyalalamikia kliniki. La kwanza ni vidonge: siku ya sindano ya kwanza mtu humeza viwili na kesho yake viwili, kwa kuwa dawa iliyo chini ya ngozi huchelewa kufika kiwango kinachotosha. La pili ni kupimwa VVU kabla ya kila sindano. Aliyekwisha ambukizwa bila kujua, akipewa lenacapavir peke yake, atakuwa na mamilioni ya virusi vinavyozaliana mbele ya dawa moja, na vile ambavyo kishimo cha ganda lake kimebadilika kidogo ndivyo vitakavyobaki. Hali hiyo hiyo inaweza kumpata anayeacha sindano kimya kimya, kwani mabaki ya dawa huendelea kuwamo mwilini kwa miezi mingi yakiwa machache mno kuzuia maambukizi, lakini bado yakitosha kuvichagua virusi sugu. Kwa hiyo anayetaka kuacha hushauriwa aseme mapema, ili ahamishiwe kwenye kinga nyingine kabla miezi sita haijatimia.